Namna ya Kurudi kwenye Darizi Uliyoiacha Njiani

Karibu kila nyumba yenye mtu anayedarizi ina mfuko mmoja usiofunguliwa. Ndani yake mna kofia ya viua ambayo sehemu ya pembeni imekwisha lakini duara la juu halijaguswa, au seti ya vitambaa vya makochi iliyosimama kwenye kitambaa cha tatu, au shuka lenye mawaridi upande mmoja na michoro ya penseli upande wa pili. Mwenye mfuko huo husema kwamba amekuwa mvivu, na walio karibu naye humsaidia kulithibitisha jambo hilo. Mimi naona hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Mtu aliyekwisha kuzungushia uzi mamia ya vitundu kwenye kofia moja hawezi kuitwa mvivu wa kushona. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kazi yenyewe imefika mahali penye kikwazo fulani, kikwazo kidogo ambacho hakikupata kutambuliwa, na mkono ukazoea kuukwepa mfuko ule kabla akili haijajua sababu. Kwa hiyo sitaanza na namna ya kujihimiza. Nitaanza na namna ya kukitafuta kikwazo hicho, kwa kuwa kila kikwazo kina dawa yake, na dawa hizo hazifanani.

Soma mahali sindano iliposimama

Itoe kazi mfukoni wakati wa mchana, uitandaze juu ya meza au kitanda, na usishone chochote siku hiyo. Tazama mshono wa mwisho ulioutia na ujiulize mshono uliokuwa ufuate ulikuwa upi. Swali hili ni rahisi, lakini hutoa majibu ya wazi kuliko kujiuliza kwa nini huna hamu, maana hamu haionekani ilhali mshono unaonekana.

Ikiwa kazi ilisimama muda mfupi baada ya kosa, basi huenda kosa hilo ndilo linalokufukuza. Makosa ya darizi ni ya aina mbili. Lipo kosa linalosukuma mbele kila kinachofuata, kama vile kuhesabu vibaya miraba ya chati ya mshono wa msalaba, ambapo mraba mmoja uliorukwa hufanya ua zima lisikutane na shina lake; kosa hili halina budi kufumuliwa, na kadiri unavyolichelewesha ndivyo linavyokula kazi nyingi zaidi. Lipo pia kosa lisilosukuma chochote: mshono mmoja uliolala upande, tundu moja lililo kubwa kidogo kuliko jirani zake, jani lenye ncha fupi. Hili liache lilivyo. Asiyedarizi hataliona, na anayedarizi ana yake mengi ya namna hiyo.

Ukiamua kufumua, usirudishe sindano kinyumenyume kupitia vitundu ulivyopita, kwa sababu uzi hugawanyika na kitambaa hutoboka. Geuza kazi upande wa nyuma, kata mishono michache kwa mkasi wenye ncha, kisha uvute vipande vya uzi kimoja kimoja, ukianza na mshono uliotiwa mwisho. Uzi uliofumuliwa usiutumie tena, kwani umekwisha kupoteza mng'ao wake na utaonekana umechakaa pembeni ya ule mpya. Kazi ya kufumua ipewe kikao chake peke yake, na kabla ya kuinuka utie mishono michache iliyo sahihi, ili utakapofungua mfuko tena ukutane na kazi iliyosogea badala ya kitambaa chenye pengo.

Ikiwa kazi ilisimama mahali ambapo ulitakiwa kuamua jambo, uamuzi wenyewe ndio uliokwamisha. Mara nyingi huwa ni rangi. Uzi wa kijani umekwisha katikati ya jani, dukani kuna kijani kingine kinachokaribiana nacho, nawe ukasema utafikiri baadaye. Nyuzi zenye namba husaidia sana hapa: kampuni ya DMC, iliyoanzishwa katika mji wa Mulhouse nchini Ufaransa mwaka 1746, huipa kila rangi namba yake, na anayetunza kile kikaratasi kinachofunga uzi anaweza kuipata rangi ileile hata akiwa mji mwingine. Hata hivyo, uzi wa namba moja uliotiwa rangi kwa mkupuo tofauti unaweza kutofautiana kidogo, kwa hiyo inafaa kununua wa kutosha kazi nzima kwa pamoja. Na kama rangi haipatikani kabisa, usichanganye katikati ya ua. Fumua sehemu ya ua hilo uliyokwisha kuishona, kisha rangi mpya uitumie kwa ua zima, ili mtazamaji aone kwamba ulikusudia.

Mahali pengine ambapo kazi nyingi hufia ni katikati ya eneo pana la kujaza, pale ambapo mshono ni mmoja, rangi ni moja, na hakuna kinachobadilika kwa wiki nzima. Hapo hakuna kosa wala uamuzi. Kuna uchovu wa kufanya jambo lilelile. Dawa yake ni kutolimaliza eneo hilo kwa mfululizo. Jaza sehemu ndogo, hamia kwenye ua au herufi yenye rangi nyingine, kisha urudi. Hakuna kanuni ya darizi inayomlazimisha mtu kwenda kutoka kushoto mpaka kulia bila kuruka, isipokuwa pale ambapo mchoro unategemea kuhesabu, na hata hapo waweza kupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi tofauti kila baada ya miraba kumi ili usipotee.

Macho, mwanga, na shingo

Kama kazi haikusimama kwenye kosa wala penye uamuzi wala kwenye eneo la kuchosha, wa kushukiwa kwanza ni mwili. Jambo hili husahaulika mno, na ndilo ningependa msomaji alitilie maanani kuliko mengine yote.

Kuanzia umri wa miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake na kuona vitu vya karibu huwa kazi. Hali hii humfika karibu kila mtu, hata yule ambaye hajapata kuvaa miwani maishani. Msomaji wa gazeti huigundua upesi kwa sababu hujikuta akilisogeza gazeti mbali na uso; anayedarizi hawezi kuisogeza kazi mbali na mikono yake mwenyewe, kwa hiyo huinama zaidi, hukunja uso, huumwa na kichwa kabla ya saa kuisha, na kesho yake husema kwamba kushona hakumpendezi tena. Miwani ya kusomea, ile ambayo nguvu zake huandikwa +1.00, +1.50 na kuendelea, huweza kuirudisha hamu iliyodhaniwa kuwa imekufa. Ukienda kupimwa macho, nenda na kazi yako mkononi na uieleze kwa kuionyesha, kwa kuwa umbali wa kushikia kofia ni mfupi kuliko umbali wa kushikia kitabu, na miwani inayofaa kusomea huenda isifae kwa sindano.

Mwanga unafuata. Mtu anayetumia mkono wa kulia apokee mwanga kutoka kushoto, na anayetumia wa kushoto aupokee kutoka kulia, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya mshono. Anayeshona kitambaa cheupe chenye vitundu vidogo, kama ilivyo kofia, atandike kanga au kitambaa cheusi mapajani, maana kila tundu litaonekana kama nukta. Anayeshona juu ya kitambaa cheusi atandike cheupe. Ni jambo dogo sana, na sijui kwa nini halifundishwi siku ya kwanza kabisa. Taa ya dari peke yake haitoshi kwa kazi ya nyuzi nyembamba, kwa hiyo usiku ni bora kufanya yale yasiyohitaji jicho kali: kukunja pindo, kupiga bandi, kupanga nyuzi, kunakili mchoro mkubwa.

Kuhusu nyakati, mkazi wa Unguja au Lamu ana bahati ambayo huenda haijui, kwamba jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, hivyo saa yake ya alasiri barazani haimtoroki. Mswahili anayeishi London hukuta mwezi wa Desemba jua limezama kabla ya saa kumi alasiri, na asipoweka taa maalumu mezani atajikuta kila mwaka anaacha kudarizi majira ya baridi na kujilaumu kwa jambo lililoletwa na anga.

Shingo na mgongo navyo vina neno lao. Weka mto mapajani ili kazi ipande kuelekea macho badala ya macho kuishukia kazi, na egemeza mgongo ukutani ukiwa umekaa mkekani. Anayetumia fremu ya mviringo asiikamate kwa vidole saa zote. Aiegemeze kwenye ukingo wa meza.

Vifaa vidogo huharibu hamu kwa siri. Hewa ya pwani ina chumvi na sindano hushika kutu ambayo pengine hata haionekani, ila hukwaruza kitambaa na kugoma katikati ya kila mshono. Sindano ya namna hiyo itupwe, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko karaha yake. Uzi usizidi dhiraa moja, yaani kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, kwani uzi mrefu hujisokota, hufunga mafundo, na huchakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi. Uzi wa kudarizi unaouzwa kwa mafungu huwa na nyuzi nyembamba sita, na anayezitumia zote sita kwenye kitambaa cha nyuzi zilizosongana atapata taabu kila anapovuta. Kwa kazi nyingi mbili au tatu zinatosha. Kidole kinachochomwa kila siku kivishwe tondoo. Na jasho la mkono, ambalo ndilo hufanya kofia nyeupe iwe na rangi ya majivu kabla haijakwisha, lizuiwe kwa kunawa na kukausha mikono kabla ya kuanza na kwa kuifunika kwa leso safi sehemu ile isiyoshonwa.

Ipime kazi kabla ya kuilaumu

Watu watakuambia kwamba haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo ni ya kweli, lakini haisemi kibaba chenyewe kina ukubwa gani. Wengi huacha kazi kwa sababu hawakuwahi kuupima ukubwa wake, wakadhani ingekwisha mwezi huu.

Chukua mfano wa mshono wa msalaba kwenye kitambaa cha miraba kiitwacho Aida, kile chenye miraba 14 katika kila inchi. Mchoro wa miraba 100 kwa 100 utakuwa na upana wa sentimita 18 hivi, ambao ni mdogo kuliko foronya ya mto wa kochi, lakini ukijazwa wote una mishono 10,000. Sasa jipime mwenyewe: shona kwa saa moja bila kukimbizana na uhesabu. Tuseme umepata mishono 120. Kazi hiyo inahitaji zaidi ya saa 83, na kwa nusu saa kila siku itachukua miezi mitano na nusu. Hesabu hii haikusudiwi kutisha. Anayejua kwamba kazi ni ya miezi mitano na nusu hatakata tamaa mwezi wa pili, ilhali aliyedhani ni ya wiki sita atajiona ameshindwa hali yuko mahali anapostahili kuwa. Kofia ya mkono nayo ni kazi ya miezi, na ndiyo sababu ya bei yake.

Ukishaujua ukubwa, ugawe. Darizi kubwa nyingi duniani zimefanywa kwa vipande: mkanda wa darizi unaozunguka kiswa, yaani kitambaa kinachoifunika Kaaba kule Makka, ambao urefu wake ni mita 47, umeundwa kwa vipande 16 vinavyounganishwa. Anayeshona kofia aligawe duara la juu katika robo nne kwa bandi nyepesi na ahesabu kwamba kila robo ni kazi kamili. Anayeshona seti ya vitambaa vya makochi amalize kitambaa kimoja mpaka pindo lake, akifue, akipige pasi na kukitandika, badala ya kushona mawaridi ya vitambaa vyote kwanza, kisha majani ya vyote, kisha mapindo. Utaratibu wa pili huokoa muda kidogo wa kubadilisha uzi, lakini humnyima mshonaji kitu kilichokamilika kwa miezi mingi, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni kubwa kuliko faida.

Iweke karibu, na uiache ikiwa tayari

Kikao cha darizi kishike mahali pa jambo ambalo tayari hulifanya kila siku. Anayekaa barazani baada ya sala ya alasiri ashone hapo. Anayesikiliza taarifa ya habari redioni aishike sindano wakati huo. Dakika ishirini zinatosha. Kipindi kirefu cha Jumamosi kinachosubiriwa wiki nzima huvamiwa na wageni, ugonjwa wa mtoto, au harusi.

Kazi isikae juu ya kabati. Iwekwe kwenye kikapu chenye kifuniko mahali inapoonekana lakini watoto wasipopafikia, pamoja na mkasi wake, miwani yake na nyuzi zake, ili kusiwe na safari ya kutafuta kitu kabla ya mshono wa kwanza. Asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, tunga uzi kwenye sindano kadhaa na uzichomeke kwenye kipande cha sufi au sponji. Jioni utakuta zimekungoja. Unapomaliza kikao, usiishie mwisho wa ua. Ishia katikati ya jani, mahali ambapo mshono unaofuata hauhitaji kufikiri, kwa sababu kuanza ua jipya ni kazi nzito ambayo haifai kuwa ya kwanza kila siku. Fremu uivue kila mara, maana ikiachwa wiki nyingi hutia alama ya mviringo isiyotoka kirahisi, na skrubu yake huacha kutu.

Kushona pamoja na wengine husaidia kwa namna yake, kwani mazungumzo huufanya mkono usahau kwamba unachoka. Vikundi vya simu ni jambo jingine. Humo watu huonyesha kazi zilizokwisha tu, zikiwa zimepigwa pasi na kuwekwa penye mwanga, na anayezitazama kila usiku huishia kulinganisha katikati ya kazi yake na mwisho wa kazi ya mwenzake. Ukiingia humo, uliza maswali ya mishono na utoke.

Kazi ikigeuka deni

Kipo kikwazo ambacho hakimo katika kitambaa. Mtu alianza kudarizi kwa kujipendezea, jirani akaona, akasema "na mimi nishonee", shangazi akaleta kitambaa chake, rafiki akaahidi kulipa baada ya Idi, na kabla mwaka haujaisha starehe imekuwa orodha ya madeni. Hapo hamu haikupotea. Imezikwa chini ya ahadi. Andika kazi zote ulizowaahidi watu, zile ambazo hujazianza ziombee udhuru mapema, na kuanzia hapo jibu liwe la heshima na la wazi: "Shikamoo shangazi. Ningependa kukushonea, lakini mkononi nina kazi moja na sitachukua nyingine mpaka iishe. Ukipenda, njoo Alhamisi alasiri tukae, nikufundishe mshono wenyewe." Wengi hawatakuja Alhamisi, na hilo nalo ni jibu.

Anayeuza ana taabu ya aina nyingine. Kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ambayo mkono hauwezi kuifikia, na mnunuzi huleta bei hiyo kwenye mazungumzo. Ukigawanya bei ya kofia yako kwa saa ulizoishona, jibu litakuvunja moyo, kwa hiyo usiifanye kofia ibebe matumaini ya riziki na ya starehe kwa pamoja. Anayeuza na awe na kazi moja isiyouzwa, ndogo kiasi chochote, ambayo mchoro wake amejichagulia mwenyewe na ambayo haina tarehe. Kazi hiyo ishikwe kwanza katika kikao, kwa dakika chache, kabla ya ile ya mteja.

Wakati wa kuiacha kabisa

Baada ya yote haya huenda ukagundua kwamba kazi iliyomo mfukoni hukuipenda tangu mwanzo: mchoro ulichaguliwa na mtu mwingine, au uliyekusudia kumpa hamuonani tena, au rangi zake zilikuwa za sebule uliyokwisha kuihama. Kazi ya namna hii iruhusu iondoke. Kata ua lililokamilika na ulishone katikati ya foronya au kwenye kona ya leso. Nyuzi zilizobaki uzikunje upya na kuziandika namba. Kitambaa kisichoshonwa ukitunze kwa mazoezi. Kama kuna mtu anayependa kuendelea nacho, mpe pamoja na chati, na umwonyeshe mahali ulipoishia.

Kabla ya kuchukua kazi nyingine kubwa, shona kitu kidogo kinachoweza kwisha ndani ya wiki moja, kama vile herufi moja ya jina kwenye kona ya taulo au tawi la majani matatu kwenye leso ya mkononi. Ikiwa uliamua kuiendeleza ile ya zamani, ifue kwanza kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, baada ya kujaribu kwa pamba yenye maji kama kuna uzi unaochuja rangi; iache ikauke kivulini, ipigwe pasi upande wa nyuma juu ya taulo ili mishono isilale, kisha uchore upya kwa penseli nyepesi pale ambapo mchoro umefutika. Mshono wa kwanza utiwe siku inayofuata, kabla jua halijashuka.